Donge

Mjukuu kaniita,
chai na kiti kaleta:
“Sitini imeshapita
miaka ya kiwandani.

Bi Kache, tupe habari
za mwanzo wenye fahari,
tuzipake rangi nzuri
ukutani, mlangoni.”

Mimi karani wa zama,
hesabu nimezisoma,
nami nilishainama
kuona cha mvunguni.

Shee Famau wa Lamu,
nyundo mkononi tamu,
shaba ndiyo yake hamu,
babaye fundi Langoni.

Shaba ikapanda bei,
wateja hawachukui,
na tumbo halingojei:
akahamia Barani.

Malindi alikutana
na Nyale, mtu wa kina;
lori bovu wakaona
limelala vichakani.

Injini wakachomoa,
tanuri wakachimbua,
mchanga wakachukua
wa Sabaki ukingoni.

Shee kwanza alicheka:
“Alumini? Hiki, kaka,
mtoto akikishika
ni bua tu mkononi!”

Sufuria ya awali
ilivuja. Mara mbili.
Ya tatu ikahimili
pilau ya harusini.

Zikafika hadi Hola,
kila jiko, kila mila;
maziwa, sima, chakula
vikatokota mekoni.

Hoteli zikajengeka,
fremu zikahitajika,
kiwanda kikanyanyuka,
mia wakawa kazini.

Nikaja na changu cheti,
wakanipa meza, kiti,
mizani, wino, risiti,
msichana wa Gongoni.

Mjukuu angetaka
ngano hapa kukatika,
ila sijamalizika:
kuna mwaka wa tisini.

Vyuma vikawa ni haba,
oda kitabu chashiba;
vijana wakaja saba
usiku, mkokoteni.

Waya nene za umeme.
Nikamwambia, “Tukome.”
Shee kasema, “Upime,
maswali weka kapuni.”

Nikapima, nikaweka,
“vyuma” neno kaandika,
jasho likinidondoka:
kilo mia na sabini.

Tanuri kutiwa moto,
waya zikawa ni mto,
feni ikavuma nzito,
mara tukawa gizani.

Feni kimya. Taa zote.
Barani, Maweni, pote.
Nyale akasema, “Mate
tumejitia usoni.”

Kikaganda kile chungu,
donge gumu kama rungu,
na ndani yake, wenzangu,
taa za watu, jamani.

Asubuhi kaja mama,
akanunua ya sima;
dadaye, alivyosema,
kazaa mwanga wa kuni.

Shee hakutoza bei.
Siku tatu hatembei,
na waya hazinunui
hadi siku ya kafani.

Lile donge kaamuru
lisivunjwe, liwe huru;
halina umbo na nuru,
ni kizuizi langoni.

Leo Nyale hana meno,
kiwanda kipana mno;
hupapasa kwa mkono
donge, akipita ndani.

Mjukuu kayasoma,
uso umepata homa:
“Bi Kache, haya ya nyuma
yatutia aibuni.”

Nikamwambia, “Kijana,
rangi yako naiona;
chumvi yaja kuikuna,
donge li pale, mwangani.”

Nyumbani nina ya tatu,
ina mbonyeo, si kitu,
napikia wangu watu;
kitabu ki mvunguni.