Beseni la Fundi

Tyubu haiingii yote ndani ya beseni.
Unazamisha kipande, unakibinya, unangoja;
kikinyamaza, unasogeza kingine.
Pumzi inayovuja upande wa juu, ulio hewani,
huioni. Unaweza hata kuapa haipo.

Mwaka wa ishirini na mbili nipo Barabara ya Tisa, Ngamiani,
na watu wa Tanga nawajua kuanzia chini:
spoki mbili zilizokatika, huyo muuza mikate;
mnyororo uliotiwa mafuta ya nazi, mwalimu Semkiwa;
binti wa pedeli moja simjui jina,
wala macho yake yakoje.
Salamu naitikia nimeinama.
"Marahaba," naliambia goti.

Shaabani hii nikagombana na jua.
Kila asubuhi nalikuta limeshakaa kwenye benchi langu.
Nikasogea hatua mbili, kesho yake tatu,
hadi nikafika kizingitini kwa Bi Mwantumu wa cherehani.
"Fundi, ndiyo unahamia kwangu?"
Nikasema dunia imeharibika, joto la siku hizi si la zamani,
kama redio isemavyo.

Ndipo mtoto wa kina Mhina, katoka Korogwe likizo,
akasimama na baiskeli begani:
"Babu, ule mkungu uliokuwa hapa kaukata nani?"

Mkungu gani?

Nikageuka.
Kisiki, upana wa sinia la pilau,
kimeshatoa vichipukizi vinne;
unga wa msumeno umekanyagwa hadi ukawa barabara.
Bi Mwantumu akacheka mpaka akatoa sindano mdomoni:
"Jumanne kutwa nzima! Msumeno wa petroli!
Cherehani yangu mwenyewe sikuisikia.
Na wewe hapo hapo, unanyoosha ringi ya mtu."

Ringi naikumbuka.
Ilipinda kushoto, karibu na vali,
nikaigonga mara saba, ya nane ikakubali.
Hata kutu yake naikumbuka, ilivyokaa kama ramani.

Tangu siku hiyo nikilala napekua.
Kama mti mzima umeanguka nyuma ya kisogo changu,
kipi kingine?

Mwalimu Semkiwa alikuja Alhamisi nne mfululizo.
"Nitazamie breki, fundi."
Nikatazama breki. Breki nzima.
Alhamisi ya pili, "Hebu zitazame tena."
Nikakaza nati isiyolegea, nikakataa pesa yake,
nikajiona mwungwana.
Yeye kasimama, anazungumza juu ya kichwa changu,
maneno yanadondoka, naokota moja moja
kama gololi zikimwagika mchangani:
*Bombo*, nililisikia. *Majibu*, nililisikia.
*Mke wangu hajui.*
Nilikuwa na spana namba kumi na tatu mkononi
na nati ilikuwa ya kumi na nne.

Alhamisi ya tano akaja kijana wake,
anaikokota baiskeli, anaulizia mnunuzi.
"Baba hataiendesha tena."
Nikainama. Sikujua pengine pa kuangalia.
Breki nzima kabisa.

Basi nikasema sasa nitainua kichwa.
Juzi kaja binti wa pedeli moja, gurudumu la nyuma halina upepo.
Nikamtazama usoni kama mtu.
Anaitwa Kilua. Anauza uzi wa mkonge kwa shangazi yake, Chumbageni.
Ana kovu dogo juu ya nyusi, aliangukia jiwe la kusagia,
akanisimulia, nami nikasikia yote, mwanzo mwisho,
mikono yangu ikipaka solusheni yenyewe.

Macho yake ya kahawia.

Alasiri akarudi kwa miguu, anaisukuma, kanuna,
jasho linamtiririka.
Kiraka nilikibandika vizuri sana,
upana wa kidole kimoja kando ya tundu.

Nikamrudishia mia tano yake.
Nikajaza maji kwenye beseni,
nikazamisha kipande, nikakibinya,
huku nyuma yangu kitu kikipita, kizito,
au labda ni upepo tu.