Chai Imepoa

Kaka yangu Muhanna hajawahi kupanda jukwaani.
Yeye mtu wa nyuma ya mlango,
chumba cha uani, Mabela ya Kusini,
magodoro mawili ukutani ya kumeza mwangwi
na spika moja iliyochanika ngozi.

Mwaka wa kwanza alitengeneza biti mia mbili na sita.
Nazijua, kwa kuwa miye ndiye mwandishi wake,
daftari la hesabu la skuli, mistari kwa kalamu nyekundu:
nambari, tarehe, nani kachukua, kalipa au hakulipa.
Safu ya mwisho nyeupe pe
kama kanzu ya asubuhi ya Idi.

Mchana alipanga mizigo bohari ya uwanja wa ndege.
Usiku hakuacha kitu kipite bure:
spana ya muuza gesi ikigonga mtungi,
cherehani ya fundi Mbangali wa duka la kona,
lori la maji likirudi nyuma, tii, tii, tii,
vyote vilitiwa kompyutani, vikakatwa, vikafundishwa adabu,
vikatoka vinatembea kwa mguu mmoja mzito.

Na joto lile! Kurekodi sauti shurti esii izimwe.
Mwezi wa saba, Shabibu wa Suri aliingia mkavu
akatoka kama katolewa kisimani.
Beti mbili, jagi zima la maji,
na bado kaka anamwambia: Rudia, umemeza neno.

Usiku mmoja kipaza sauti kilisahauliwa wazi.
Mama akaja mlangoni na Kiswahili chake cha Unguja
ambacho miaka arubaini ya Maskati haikukikwaruza:
"Muhanna! Chai imepoa!"

Alicheka hadi akakaa chini.
Akaikata, akaibandika mwanzo wa biti,
na tokea hapo kila biti, zote, haikosi,
kabla ngoma haijashuka, mama anagomba.

Ikafika Kuweiti. Ikafika Manama na Sharja.
Vijana wa huko chai waliielewa;
"imepoa" ndiyo waliyoigombania:
huyu kasema jina la mji, yule kasema kiapo,
mmoja kaichora mkononi, na kaikosea herufi.

Siku hiyo tumesimama taa nyekundu, miye na mama,
gari jeupe ubavuni linatetemeka vioo,
mara sauti yake mwenyewe inamwita mwanawe.
Akashusha kioo. "Nani huyo ananiiga?"
Nyumbani akadai haki yake:
baisa mia kila biti, taslimu,
ndani ya kopo la halwa lililokwisha.
Kaka alilipa. Wa kwanza kulipwa daftarini ni yeye.

Biti elfu tatu mia moja na kumi na nne.
Kisha kiharusi, asubuhi, jikoni, maziwa yakafurika.
Kikamwachia jicho, mkono wa kulia,
na "aa" moja tu ya kusemea yote.

Siku tisini kaka hakugusa kitu.
Daftari likakaa. Esii ikavuma peke yake.
Watu wakapiga simu kutoka Doha; nikasema kasafiri.

Ndipo akalifukua faili la usiku ule, zima,
kabla ya mkasi.
Akaniita. Tukakaa juu ya godoro.
"Muhanna! Chai imepoa!"
Kisha pumzi. Kisha ndara, hatua moja.
Kisha, kwa sauti ya chini, ya mtu asiyegomba kabisa:
"Nikuletee nyengine?"

Sekunde nne.
Alizikata ili ngoma iwahi kuingia.

Hakusema kitu. Hata mashine hakuizima.
Alikwenda jikoni, nikasikia iliki inapondwa,
bila ya mpangilio, mtu hajui kuponda.
Mama alikunywa kwa upande mmoja wa mdomo.
Ilikuwa ya moto. Akakunja uso, akatutolea jicho kali,
nasi tukafurahi.