Alama ya Kuuliza

Machynlleth, saa nane usiku. Mashine inajijenga
kutoka msimbo mtupu, faili kwa faili,
feni ikikoroma kama mgeni aliyeshiba.

Mwongozo ulisema: "Weka lugha, kisha endelea."
Haukusema lini. Haukusema fonti ipi.
Nikaandika jina la mama, Mũthoki.
Kioo kikanirudishia M?thoki,
kana kwamba kinauliza: nani huyo?

Asubuhi Heulwen wa duka la baiskeli akaguna.
Neno lao la maji, dŵr,
nalo huzama hivyo hivyo.
Lake lina paa, langu lina wimbi.

Nimeifuta ile sentensi.
Nimeandika nne, za polepole,
kwa yule atakayejenga kesho
peke yake, chai imepoa,
akimsubiri mama yake
atokee mzima.