Breka ya Sita

Niko darini kwa Mama Nyanzala, Isevya,
saa saba mchana, Oktoba,
na bati juu yangu linalia tik, tik,
kama linahesabu pesa ambazo bado sijalipwa.
Humu ni bani. Ningetundika tumbaku
ingekauka kabla ya Ijumaa.

Yeye yuko chini na ndoo zake za asali,
risiti ya duka mkononi:
"Kalunde, taa ni taa tu, inakula nini?
Si utumie ule mwembamba,
wa kengele ya mlangoni?"

Namjibu na skrubu mbili mdomoni.
Kweli, Mama, taa haili.
Ziko tisa, wati tisa tisa,
zote pamoja hazifiki hata nusu ampea.
Lakini mimi sifungi kwa ajili ya taa.
Nafunga kwa ajili ya mjomba
atakayekuja sikukuu na pasi yake,
akose soketi, apande stuli,
achomoe balbu, achomeke palepale.
Nafunga kwa ajili ya mpangaji wa uani
ambaye hata wewe hujamjua jina.

Kwa hiyo moja nukta tano, ya shaba kweli,
niliyoikwangua kwa kisu mbele ya muuzaji akanuna.
Na hapa, nyaya tano zinapolala kitanda kimoja
zikipeana jasho,
napunguza hesabu tena.
Aliyeandika ile namba kwenye boksi
aliandika akiwa kwenye ubaridi.

"Na breka?"
Ya sita.
"Weka thelathini na mbili! Kubwa
haitanisumbua kukatikakatika."

Nashuka ngazi.
Neno hili halisemwi kutoka darini.

Mama, breka hailindi taa.
Taa ikifa, tunanunua nyingine dukani kwa Sadala.
Breka inalinda waya,
huu ninaokufichia ndani ya ukuta
usiuone tena mpaka wajukuu.
Wasimame kwa kimo, kama watoto mstarini:
taa, mfupi, mbele;
breka nyuma yake;
waya, mrefu kuliko wote, mwisho.
Ukileta breka inayompita waya kimo,
waya ndiye atakuwa breka.
Atakata, ndiyo.
Kwa moto.

Sikumwambia la Cheyo.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, koleo la kuazima,
fyuzi imeungua, mwenye nyumba ana haraka ya mpira.
Nikachuna uzi wa shaba, nikaukunja mara tatu,
nikaubana.
Taa zikawaka, wanaume wakapiga makofi,
nikapewa elfu mbili na soda.
Wiki ya pili nilirudi kutazama:
mstari mweusi katikati ya dari,
umenyooka vizuri,
kama nilivyoutandaza mwenyewe.
Hakufa mtu. Kulikuwa na mbwa, alibweka mapema.
Ile soda naionja mpaka leo.

Mama Nyanzala anafuta kidole kwenye kanga,
anakitazama kiboksi cheupe ukutani.
"Kumbe huyu ni nyuki wa mlangoni.
Anauma, anakufa, mzinga unabaki."

Karibu, namwambia, ila huyu hafi.
Akianguka unamnyanyua kwa kidole.
Akianguka tena, usimnyanyue.
Nipigie simu, hata usiku.

"Usiku utanitoza zaidi."

Nitakutoza.

Akacheka, akaanza kunivuta bei,
na anajua kuvuta, ameuza asali miaka ishirini.
Nilimwachia elfu tano kwenye ufundi
na akaniongezea chupa moja, ya miyombo, nyeusi.
Kisha nikapanda tena kwenye lile joto
kumalizia chumba cha mpangaji
asiye na jina.