Swali la Kumi na Tisa

Erzurum, usiku. Dirisha limeota barafu kwa ndani.
Nezihe amerudi kwenye swali lililomwangusha mara mbili:
kasha la matufaha yaliyooza,
limefika, au yamefika?
Kiingereza chenyewe hakina hata hizo ngeli,
kina kijineno kimoja cha kubadilisha, kidogo kama punje ya dengu,
na mtunga mtihani amekificha nyuma ya matufaha.

Matufaha ndiyo mtego.
Yamekisogelea kitenzi, mengi, mekundu,
yanapiga kelele: ni sisi, ni sisi!
Na kalamu, mara mbili, iliyaamini.

Mwalimu Orhan alisema: futa kila kinachoning'inia.
Basi anafuta. Yaliyooza, kata.
La matufaha, kata.
Linabaki kasha peke yake katikati ya ukurasa,
kama mtu aliyeitwa jina lake kamili.
Limefika.

Anacheka, kisha anaandika pembeni, nje ya mtihani:
Mama, pamoja na binti zake watatu, na mkwe,
na wageni wa kila Ijumaa wanaosifu supu,
anaosha vyombo, au wanaosha?

Anakata wageni. Anakata mkwe.
Anakata binti wa kwanza, wa pili,
penseli inasita kidogo, anakata wa tatu.
Maji yanasikika jikoni, na sufuria, na kikohozi.

Jibu sahihi ni umoja.
Nezihe anakunja mikono ya sweta,
anakwenda kuliharibu.