Beki Anafundisha Namna ya Kumpita

Usinitazame machoni, Delphine.
Macho nimeyafundisha kudanganya tangu nina miaka kumi.
Tazama kiuno. Kiuno hakiwezi kuigiza:
kinakoelekea, mwili mzima unafuata
kama mabehewa nyuma ya kichwa cha treni.

Tuko nyuma ya gereji, Akwesasne, Aprili.
Theluji ya mwisho imejikunja chini ya ngazi,
nyeusi, kama mbwa mgonjwa.
Mto unavunja barafu yake; usiku tunausikia
ukisaga meno.
Baba yuko New York juu ya vyuma,
ghorofa ya arobaini na kitu, atarudi Ijumaa.
Buti zake kuukuu nimezijaza kokoto
nikazipanga uwanjani: hao mabeki wako wa kwanza.
Hawasogei, lakini wanatosha kukuaibisha.
Jana umejikwaa kwao mara nne.

Kwanza bembeleza mpira.
Nimesema bembeleza, sikusema tikisa.
Fimbo karibu na sikio, wavu uyumbe kidogo tu,
mpira ulale humo
usijue kama nje kuna vita.

Sasa njoo. Njoo kwa kasi, kana kwamba sipo.
Hatua tatu kabla ya kunifikia
(mbili, umechelewa;
tano, umenipa muda wa kukusoma)
kanyaga kulia, zamisha bega la kulia,
nisimulie kwa mwili wote kwamba unakwenda kulia,
kisha badili mkono, toka kushoto.
Usisubiri kuona kama nimeamini.
Mwongo anayegeuka nyuma kuhakikisha
ndiye anayeshikwa.

Tena.

Tena. Umebadili mkono, hukubadili mwendo.
Chenga haiko miguuni peke yake:
pole, pole, halafu moto.

Tena. Fimbo umeiacha ikining'inia nyuma kama mkia,
nimeigonga, mpira uko matopeni.
Nenda kauokote,
na hilo jicho usinitupie mimi.

Iko na chenga ya kuzunguka.
Hiyo nilifundishwa na kijana mmoja wa Kahnawake
ambaye hakujua kuwa ananifundisha.
Nusu fainali, dakika mbili zimebaki.
Alinijia, akaniegemea, nikamsukuma.
Ndicho alichokitaka, nimsukume.
Akanipa mgongo, akazunguka kama mlango kwenye bawaba,
na nguvu zilizomfungulia zilikuwa zangu.
Mwili ukageuka kumfuata.
Goti halikugeuka.
Nililisikia kabla halijaniuma: kijiti kikavu, ka!
Uwanja mzima ukalipuka, nikadhani wananilia mimi.
Lilikuwa bao.

Mwaka wa pili huu napanda ngazi kwa kuhesabu.
Sikwambii ili unihurumie.
Nakwambia ili ujue: beki akikusukuma
kuna kitu anakupa.
Kipokee, uondoke nacho.
Na nani akuonyeshe ulipo mlango wangu
kama si mimi niliyeulinda?

Mama amegonga kioo cha jikoni. Supu inapoa.
Mara moja ya mwisho, umesema, nami nikasema haya.

Ukaja.
Kasi nzuri, fimbo sikioni, matope hadi magotini.
Hatua tatu kabla yangu
miguu yako ikapata kigugumizi,
ka-ka-ka, papo hapo,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Hilo sikukufundisha.
Nikanyanyuka kidogo, nikangoja neno limalizike,
na kabla halijamalizika ulikuwa nyuma yangu,
buti la baba limelala ubavu,
na bati la mlango wa gereji linalia.

Sikugeuka. Siku hizi sigeuki upesi.
Nikasikia unarudi, unahema.
"Umeniachia?"
"Sijakuachia."
Hukunijibu.
Ulisimama pale umekumbatia fimbo
ukinichunguza kwa muda mrefu,
si machoni,
kiunoni.