Mashine Isiyo Kichwa

Kadhi hakukosea hesabu:
mafungu mawili Asaa, moja mie.
Yeye mikarafuu ya bondeni, ile ya kupandwa kwa ngazi.
Mie kipande cha juu, huku Mtambwe, kilicholala miaka mitano,
na mashine ya kufyekea ya marehemu baba,
isiyo kichwa.

Injini ipo. Fimbo ipo. Mkanda wa bega umeliwa na panya.
Lakini mwisho, pale panapokata,
ncha tupu ya chuma, na kutu.

Jumatatu nikaenda nayo Chake
nimeiviringa kanga kama mgonjwa.
Dukani kwa Khelef vichwa vitatu vimetundikwa ukutani:
cha uzi wa nailoni, mwekundu;
kisahani cha meno matatu;
na msumeno wa duara, meno themanini,
unang'aa kama sinia la harusi.

Nikaunyooshea kidole msumeno.
Aliyepewa kidogo hutaka meno mengi.

Khelef hakuushusha.
"Kuna nini huko?"
"Msitu."
"Msitu si jina la mmea, mwanangu. Kuna nini?"

Nikahesabu: ukoka, ndago,
upupu upande wa mtoni, kifauongo kila mahali,
na mapera yaliyojiotea, unene wa dole gumba.
"Mawe?"
"Ya mpaka. Kaka yangu huyatembeza usiku."
Akacheka. Mkewe, nyuma ya mizani ya misumari,
hakucheka.
"Na kilichopandwa?"

Hapo nikanyamaza.
Baba alitia miche arubaini ya mikarafuu
mwaka ule aliopelekwa Mkoani asirudi.
Hakuna aliyeipalilia, hakuna aliyeihesabu.
Kwenye karatasi kadhi aliandika: pori.

"Basi sikiliza," akasema, akijifuta grisi.
"Uzi ni wa nyasi laini, wa uani mwa msikiti.
Mpera utaumeza uzi huu na kukusubiri ulete mwengine.
Tena uzi humenya. Ukiugusa mche
huuvua ganda, na mche uliovuliwa ganda
hufa umesimama, majani mabichi,
mwezi mzima hujui kama umeua.
Msumeno, huo hauulizi:
mpera na mkarafuu, sauti moja.
Chukua haya matatu. Na ukifika penye mche
zima moto, piga magoti, shika mundu."

Akanifungia. "Nati hii kinyume:
kukaza ni kushoto, kufungua ni kulia.
Wengi huivunja kwa kutumia nguvu upande waliouzoea."
Elfu ishirini na tano. Spana akanipa bure.

Alkhamisi nikaanza. Mikono ikafa ganzi,
kunde za upupu zikapasuka shingoni, nikajikuna hadi damu.
Kifauongo kikajifisha, kama desturi yake,
kikakunja majani kabla sijafika.
Meno hayakudanganyika.

Siku ya tatu, ndani ya kichaka cha mapera,
jani moja likang'aa lisivyong'aa mpera.
Nikazima.
Nikalikunja kidoleni, nikanusa.
Ukimya wa pale sikuwahi kuusikia maishani:
mie, magoti yangu, na mche ulionifika kiunoni
umenyongwa na mtambaazi, hai.
Nikaufungua uzi kwa uzi, kama ninavyofumua nywele za mtoto.

Kumi na tisa. Nimeihesabu mara mbili
na sikumwambia mtu.

Asaa akaja Jumapili, kasimama juu ya jiwe lake.
Alitazama ardhi, akatazama tena.
"Kumbe palikuwa na shamba," akasema. Halafu:
"Niazime mashine. Bondeni kumeota."

"Kuna nini huko?" nikamuuliza.
"Majani tu."

Nikatoa spana,
nikazungusha kulia, taratibu,
nikatia meno matatu mfukoni mwa kanzu ya baba niliyokuwa nafyekea,
nikampa kaka yangu mashine
kama nilivyoirithi.